Jina la Kwanza Kwenye Orodha ya Wazamiaji

Ntinda,
Kampala.
Jumatatu, 9 Juni 1975.

Mpendwa shemeji Masinde,

Salamu nyingi kutoka kwangu zikufikie wewe, dada yangu Ajwang na watoto. Hali zenu huko Mombasa? Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi za bandarini, au ile dawa ya kuchua imelituliza? Na Ajwang, miguu imepungua kuvimba? Mwambie asijifanye kijana kwa kuwa hii ni mimba ya nne. Akae chini, ainue miguu, nyinyi mwoshe vyombo. Watoto najua ni wazima, maana wangeugua ungeniandikia kwa herufi kubwa kama ulivyofanya mwaka juzi kwa surua.

Mimi kwa mwili sijambo. Nakula, natembea, nafika kazini kabla ya saa mbili. Sukari huku imekuwa kitu cha kuhadithiwa, na mche wa sabuni tunaukata kwa kisu mimi na jirani yangu Filda, kila mtu nusu yake, tena Filda anapima kwa kidole nisimdhulumu. Hayo si ya kulilia. Tumeyazoea.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu wewe Mbukusu umekaa na dada yangu miaka kumi na moja, na kwa Kijaluo mpaka leo unajua kuomba ugali tu. Usikasirike. Nakuandikia wewe na si Ajwang kwa sababu ya hali yake, na pia kwa sababu wewe ndiye uliyeniuliza. Barua hii haipiti posta. Anakuletea Omolo, yule anayefanya kazi kwenye behewa la chakula la treni, mtu wa kwetu. Mpe chai. Usimwulize kitu, hajui kilichomo.

Shemeji, barua yako ya Mei niliipata. Niliisoma nimesimama mlangoni na mkoba ungali begani. Umeuliza kwa niaba ya mama na wazee wa nyumbani: ndugu yetu Oduor azikwe au asizikwe? Wanataka neno langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye Kampala, na yeye ana miezi mitatu hajulikani alipo.

Unajua mila yetu, umeioa. Mtu akipotelea majini au ugenini na mwili wake usipatikane, watu wa nyumbani huchuma tunda refu la mwegea, ambalo sisi tunaliita yago, wakalilaza kaburini mahali pake na kumlilia kama mtu. Hapo roho yake inatulia, na waliobaki wanapata usingizi. Lakini akija kurudi akiwa hai na kaburi lake lipo bomani, nani atathubutu kumfungulia lango? Watoto watamkimbia. Mama mwenyewe hatajua amkumbatie au apige kelele. Kwa hiyo neno mnalonitaka niseme si dogo, na mimi kazi yangu ni kupiga taipu, si kuamua nani yu hai.

Sikujibu mwezi mzima. Nilisema nangoja habari. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa ungeuliza swali la pili, yaani ilikuwaje. Sasa nitakueleza bila wewe kuuliza, kisha utajua cha kunifikiria.

Oduor alipokuwa akiwaandikia, aliandika habari za samaki na za maji, basi. Hakuwaambia habari ya stima. Mwendo wa saa moja na nusu kwa boti kutoka Gaba kuna kisiwa, na mbele ya kisiwa hicho kuna stima iliyolala chini ya ziwa tangu 1913. Inaitwa Clementina. Ilizama na shehena ya ngozi na pamba na watu wapatao thelathini, wengi wao wapagazi. Wavuvi wa pale hawatupi nyavu juu yake. Wanasema ni kaburi, na sioni walipokosea.

Pale Gaba palikuwa na chama cha wazamiaji, Wazungu na Wahindi, watu wa kupiga mbizi Jumamosi na kuchoma nyama Jumapili. Oduor aliajiriwa kuwajazia mitungi ya hewa. Ile miwani ya kuzamia uliyompelekea kutoka bandarini ndiyo aliyojifunzia. Najua umeshaanza kujilaumu. Acha, zamu yako haipo hapa. Wahindi walipofukuzwa na Wazungu wakapungua, mjaza mitungi akabaki ndiye mzamiaji hodari kuliko wote. Maji yale ni ya kijani, mtu haoni kiwiko chake, lakini Oduor aliijua ile stima kwa kupapasa kama wewe unavyoijua nyumba yako taa zikizimika.

Tatizo la wale waungwana lilikuwa mikono. Kila aliyeshuka alipanda na kitu. Nilialikwa nyumba moja Kololo nikakuta dirisha la duara la shaba, la stima, limetundikwa sebuleni kuwa kioo, na sahani zenye jina la Clementina zikiwekewa majivu ya sigara. Siku ya pili nikamweleza Bwana Erinayo, mkuu wangu katika idara ya mambo ya kale. Ni Muganda mpole, miaka sita nimefanya naye kazi hajawahi kuniita Loice ila Roice, lakini siku ile alipiga meza mpaka wino ukamwagika. Akasema sheria itungwe mara moja: mtu yeyote asikaribie, asizame, asiguse.

Nami kwa ujinga wangu nikamwambia Oduor. Akaja ofisini na shati la kanisani, akaomba kumwona mkuu. Alimwuliza, ukimzuia kila mtu kushuka, ni nani atakayekuambia kama kitu kimeibwa? Wewe huogelei, mzee. Wavuvi hawashuki. Atakayeshuka ni mwizi peke yake, naye hatakuletea habari. Waache watu washuke watazame, ila uwafunge mikono.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango, nikijua atatimuliwa. Bwana Erinayo akamtazama sana, kisha akamvutia kiti. Walibishana siku mbili, nikiwachemshia chai. Mmoja alisema pale ni kaburi, watu hawaendi makaburini kustarehe. Mwingine alisema kaburi lisilotembelewa hulimwa viazi. Shemeji, nilikuwa na furaha siku zile. Kijana wetu aliyeacha shule darasa la saba anabishana na mtu wa digrii, na mtu wa digrii anaandika anayoambiwa.

Ndipo kikatoka kitu cha katikati, na bado nasema kilikuwa kizuri. Stima ilindwe kisheria, pasitolewe hata msumari. Lakini wazamiaji wenye kibali waruhusiwe kushuka Jumamosi, wawili wawili, bila mfuko, na boti ikaguliwe ikirudi. Mwenye kibali akiona jambo lolote jipya ndani ya stima, aripoti kwa maandishi kwa idara. Mwishoni iambatanishwe orodha ya wenye vibali, majina na mahali wanapokaa, ili mlinzi wa gati ajue wa kumpisha.

Kanuni zile nilizichapa mimi. Na orodha niliichapa mimi. Walikuwa tisa. Kwa kawaida ya ofisi majina hufuata alfabeti, na Oduor angekuwa wa pili. Nikamweka wa kwanza. Hakuna aliyeniambia. Nilitaka mkubwa yeyote atakayefungua karatasi ile akutane kwanza na jina la nyumbani kwetu, na kibali cha kwanza kitoke kwa Oduor. Nikaandika na nyumba niliyompangia chumba Nakivubo, namba ya mlango, kila kitu, kwa uzuri, hakuna hata herufi niliyofuta.

Karatasi zilipelekwa juu Julai mwaka jana, zikalala. Huku ndivyo, karatasi hulala. Wazamiaji hawakungoja sahihi; walianza kuzifuata kanuni kama tayari ni sheria, wawili wawili, mikono mitupu. Oduor ndiye aliyewashikisha adabu. Mzungu mmoja alipanda na kijiko mfukoni, akamrudisha majini akakiweke alipokitoa.

Basi, Februari mwaka huu, siku ya Alhamisi, Oduor alipita ofisini akanipa bahasha iliyofungwa, akasema ni ya Bwana Erinayo, ni ripoti kama kanuni inavyotaka. Nilimtania kwamba amekuwa karani. Hakucheka, ila nilikuwa na stensili kumi za kumaliza, sikutilia maanani. Bwana Erinayo alikuwa Masaka kwenye mazishi. Na kawaida ya masjala ni kwamba barua ya kazi ikifika mkuu hayupo, inafunguliwa, inapigwa muhuri, inapewa namba, inaingia kwenye faili lake. Hivyo ndivyo nilivyofunzwa na ndivyo ninavyowafunza wengine. Nikaifungua, nikaipiga muhuri, nikaitoboa, nikaifunga kwenye faili la Clementina. Sikuisoma. Ningesoma kila ninachokipiga muhuri ningekuwa na umri wa mama sasa hivi.

Alasiri ile ile wakubwa wa juu waliliita faili. Mjumbe akaja, nikampa, akatia sahihi kwenye kitabu.

Jumapili Oduor alikuja kwangu baada ya ibada. Nilikuwa nimepata kuku, jambo la kutangaza siku hizi. Hakula. Aliuliza kama bwana mkubwa ameisoma ripoti. Nikasema kwa maringo kwamba bwana mkubwa hayupo, lakini mimi dada yako nimeshaiingiza kwenye faili, karatasi ya arobaini na moja, na faili liko juu. Akaweka chini kipande cha kuku. Nikadhani amekasirishwa na chumvi.

Kisha akaniambia. Jumamosi ya kabla ya ile Alhamisi alishuka na mwenzake, akaingia kwenye ghala la stima, lile lililokuwa na ngozi. Palikuwa na watu. Si mifupa ya mwaka 1913, shemeji. Watu wa juzi, wamefungiwa mawe, na mmoja ana saa mkononi. Alisema saa ilikuwa bado inang'aa kidogo kwenye tochi. Aliandika yote katika ripoti kwa kuwa kanuni inasema mwenye kibali akiona jambo jipya aripoti. Aliandika hata idadi.

Nilimwambia aondoke siku ile ile, apande basi la Busia. Akasema funguo za chama ziko kwake na mitungi ya watu, hawezi kukimbia na funguo za watu kama mwizi, atazikabidhi Jumanne kisha aende. Nilibishana naye, lakini sikubishana vya kutosha. Nilikuwa na kuku mezani na jua limewaka na watoto wa Filda wanaruka kamba nje, na mtu akiwa kwenye hali hiyo haamini kwamba kuna jambo linaweza kumpata. Hilo najilaumu kuliko yote, nadhani. Hapana, si kuliko yote.

Karatasi zetu zilizolala miezi saba zilirudi Jumatatu asubuhi. Zimepata sahihi ya ofisa mmoja wa jeshi ambaye sitamwandika. Fungu lote la vibali limepigwa mstari kwa penseli nyekundu. Jumamosi, wawili wawili, bila mfuko, yote yamekatwa. Yaliyobaki ni kwamba hakuna mtu wa kuzama pale, na atakayezama ni adui wa serikali. Sheria ya kulinda stima, wamesema, na kweli, sasa imelindwa. Orodha hawakuikata. Waliiacha ilivyo, ila kichwa cha habari wamekibadilisha. Nilikuwa nimeandika wenye vibali. Wao wameandika watu wanaojulikana kuzamia.

Nilitoka ofisini mbio. Nakivubo hakuwapo. Nilimwachia ujumbe kwa mwenye nyumba, nikarudi kesho yake alfajiri, nikaambiwa ameshakwenda Gaba na funguo.

Yaliyotokea Gaba nimeyapata kwa Muhamadi, mwendesha boti wa chama. Nayaandika kama alivyoyasema, usije ukadhani nimeongeza. "Mama, mimi iko naosha boti. Watu mbili nakuja na karatasi. Nauliza, namba moja iko wapi? Mimi sijui namba moja ni nani. Oduor nasema, ni mimi. Hakukimbia, mama. Alitoa funguo kwa mfuko, napatia mimi, nasema patia wenyewe." Wakamtia kwenye gari. Muhamadi hakuandika namba ya gari, na mimi nisingemwomba aandike. Nimeshaona kuandika kunavyofanya.

Wenzake wanane walipata nafasi kidogo. Wawili ni Wazungu, waliondoka nchini wiki ile. Wengine walisikia la namba moja, wakatawanyika. Kama ningefuata alfabeti, Oduor naye angesikia la mwingine. Nimelifikiria hilo kila namna, kulia, kushoto, nikipika, nikifua. Jibu ni lile lile.

Nilimtafuta, usifikiri nilikaa. Nilikwenda vituo viwili vya polisi, nikaambiwa hawana mtu kama huyo. Nilikwenda kwenye lango la kambi moja. Palikuwa na askari aitwaye Kamis, kijana mwenye sauti nzuri, akaniuliza nataka nini kwa adabu kabisa. Nikamweleza. Akaingia ndani akarudi na karatasi, akanionyesha kwamba ndugu yangu amevunja sheria ya stima. Ilikuwa nakala iliyotoka kwenye stensili niliyoichapa mimi. Nilijikaza, nikamwambia sheria hii imetiwa sahihi Machi tatu, naye mara ya mwisho kuzama ilikuwa Februari, kwa hiyo alipozama haikuwa sheria bado. Nilidhani nimepata. Miaka sita nimekaa katikati ya sheria, kitu kimoja nilichojua ni tarehe.

Akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyesikia mtoto akisema neno kubwa. "Wewe mama iko loya? Basi ingia ndani fundisha sisi." Akafungua kile kilango kidogo cha pembeni, akasimama kunipisha.

Sikuingia. Nilishukuru, shemeji. Nilimwambia asante, afande, nikageuka nikaondoka polepole, nikisikia mgongo wote unawasha. Mimi dada yake nilifika mlangoni pake nikasema asante.

Tangu siku hiyo nafanya ninavyoweza, na ninavyoweza ni kidogo. Bwana Erinayo aliporudi kutoka Masaka akaona faili, alikaa na kofia kichwani mpaka saa ya kutoka. Aliandika barua mbili kwenda juu, hazikujibiwa. Ya tatu nilimkataza mimi. Ana wajukuu. Kuondoka na mimi nimefikiria, lakini mtumishi wa serikali asiye raia sasa haondoki bila barua ya ruhusa, na anayetoa ruhusa ni yule yule mwenye penseli nyekundu. Hata kuja nyumbani kulia na mama siwezi.

Filda ananiambia nisiseme neno la kuzika. Mumewe Ogwal, askari polisi, mtu wa Lira, aliitwa kazini mwaka 72 na hajarudi, na mpaka leo Filda hajamlilia. Akipika anampakulia. Watoto hula ile sahani baadaye, lakini kwanza anampakulia. Anasema ukishalia, umewasaidia. Kwa muda mrefu nilimsikiliza, maana alichokuwa akiniambia ndicho nilichotaka. Nilijiambia labda Oduor aliponyoka, labda yuko Tanzania, anaogelea Mwanza, anaona haya kuandika kwa sababu ya funguo. Nilijiambia hivyo mpaka Jumatano.

Jumatano iliyopita Bwana Erinayo aliniletea orodha. Wanataka ichapwe upya, ibandikwe kwenye magati yote ili walinzi wajue wa kuwazuia. Juu yake wamefanya masahihisho kwa mkono. Mzungu wa kwanza amekatwa, na pembeni pameandikwa ameondoka nchini. Mzungu wa pili hivyo hivyo, ameondoka nchini. Mhandisi mmoja wa Jinja, pameandikwa amehamia kaskazini, atafutwe. Kila jina lililoguswa limepewa sababu yake, kama inavyotakiwa.

Oduor amepigwa mstari tu. Mstari mmoja, wa rula. Na pembeni pameandikwa: hahitajiki tena, namba mbili iwe namba moja.

Nilimwuliza Bwana Erinayo, hawa wengine wameandikiwa walikokwenda, huyu mbona hakuandikiwa? Alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Piga tu, Roice," akasema. Alikuwa analia.

Nikapiga. Sijui ulitaka kusikia kwamba nilikataa, au nilichana, au niliacha nafasi tupu pale juu. Sikufanya. Nilivuta karatasi, nikaweka kaboni mbili, nikapiga orodha ya watu sita, na namba mbili ikawa namba moja. Ni kijana anayeitwa Ocen, ana mke mchanga, wanakaa Mengo. Jioni ile nilipita kwao nikawaambia wahame. Nilikuta mlango uko wazi na hakuna mtu, vyombo tu. Sijui kama walihama wenyewe.

Nimekaa na jambo hili siku tano. Sina mwili wa kuwaonyesha wazee. Sina mtu aliyeona. Mahakama haingekubali nilicho nacho. Lakini nimefanya kazi na karatasi zao miaka mingi, na najua wanavyomwandika mtu wanayemtafuta na wanavyomwandika mtu aliyewaponyoka. Huyu hawamtafuti, shemeji, na hajawaponyoka.

Kwa hiyo ndilo neno langu mlilolitaka. Zikeni. Wakachume tunda zuri, lisiwe na funza, walivike shati lake lile la mistari aliloacha nyumbani Krismasi. Mama asizuiwe kulia, hata akitaka siku saba.

Jambo moja tu ninaomba, nawe ulisimamie kama mwanamume wa nyumba ile. Watu wa kwetu wakiona yago inazikwa, watasema ziwa limemmeza, kwa kuwa alikuwa mzamiaji. Watasema ndiyo mwisho wa kucheza na maji. Msikubali. Ziwa halikumfanya kitu. Alishuka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara lilimrudisha juu. Asemewe hivyo hadharani, mbele ya kaburi, hata kama hamwezi kusema mengine.

Mama unaweza kumweleza yote au nusu, wewe utaona uso wake, mimi siuoni. Ila asipewe kabla hajala. Mpeni uji kwanza. Nisalimie Ajwang na umsomee pale utakapoona panafaa, akishajifungua. Watoto wabusu mmoja mmoja, hasa yule mdogo aliyepewa jina la mjomba wake. Mzee wetu wa boma mpe heshima zangu, mwambie nimetii. Filda anawasalimu ingawa hamjuani.

Mungu awafunike nyote, awape kula na kulala, na huyo mtoto anayekuja afike salama kwenye mikono ya watu wema.

Ni mimi shemeji yako nikupendaye, dada yake aliyempenda hata akamwandika wa kwanza,

Loice